Vidole Viwili Shingoni

Mwamvua alikuwa akiuosha mwili wa mama mkwe wake, kidole gumba kimeegemea shingo ya marehemu, alipohisi kitu kinagonga chini ya ngozi. Kopo la maji likamponyoka.

Kisha akakumbuka darasa la afya, hapo hapo kijijini kwao Tindiga. Mwalimu alipasua moyo wa mbuzi, akasema kila unapojikaza kusukuma damu, mshipa wa shingoni hugonga. “Ila msipime kwa kidole gumba. Nacho kina mapigo yake, utajipima mwenyewe.”

“Fanya upesi, mwanangu,” alisema shangazi aliyeshika sanda. “Kaburi liko tayari.”

Mwamvua akaondoa gumba, akaweka vidole viwili, akabana pumzi.

Kimya.

Kisha kitu kikagonga. Kikagonga tena.

“Shangazi,” akanong'ona, “iweke sanda chini.”