Bei ya Watazamaji Elfu

Mke wa Chiriku aliugua, na dawa yake iliuzwa shilingi laki mbili. Chiriku akaanza kurekodi video za nyimbo zake. Nguchiro, wakala wa matangazo, alilipa shilingi mia tano kwa kila watazamaji elfu moja.

Mwezi mzima aliimba, akapata watazamaji elfu tatu.

“Elfu moja na mia tano,” alisema Nguchiro. “Kaza buti, kaka! Ukifikisha laki nne, dawa unayo.”

Mke akafa. Chiriku alirekodi taarifa ya msiba kwa ndugu walio mbali, akashindwa kujizuia, akalia. Siku ya pili video ilikuwa na watazamaji laki nne.

Nguchiro akaja mbio na laki mbili.

“Hongera, kaka! Lete nyingine kama hiyo.”

“Nilikuwa na mke mmoja,” alijibu Chiriku.