Uji wa Jirani

Kezia alimimina uji wa moto kwenye chupa ya chai, akafunga kifuniko. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Kweli unampelekea mama wa aliyemuua mwanao Obedi?"

"Ndiyo, wifi. Kijana wake yuko gerezani, naye anaumwa peke yake."

"Watu watakucheka!"

"Wacheke. Kila Jumapili kanisani naitikia 'Heri wenye rehema,' kisha narudi nyumbani moyo mkavu. Leo nataka kuijua hiyo heri."

Wifi akampisha. Kezia akavuka barabara huku majirani wakimkodolea macho. Hakugeuka nyuma. Akabisha hodi.

"Nani?" sauti dhaifu ikauliza.

"Ni mimi, mama yake Obedi."

Kisha komeo likaanza kuvutwa, taratibu.