Bibi Anakalia Safari ya Mjomba

Mjomba Kamugisha hasafiri kama binadamu wa zamani. Anapanda ndege Dar es Salaam, anafumba jicho, anashuka Toronto. Zile saa kumi na sita za angani hazipotei, kwani sheria ni sheria: lazima ndugu wa damu azikalie nyumbani, kwenye kiti chenye mkanda usiofunguka mpaka muda uishe.

Mjomba ni mtu mkubwa. Huzunguka dunia akihutubia watu kuhusu thamani ya muda, hasa wa kwake. Wa kumkalia saa hizo alimteua mama yake mzazi, yaani bibi yangu, "maana Mama hana shughuli." Bibi alikuwa na kuku, bustani na kwaya, lakini hizo kumbe si shughuli.

Nilipokuja likizo kutoka shule ya bweni, nilimkuta amefungwa mkanda sebuleni. Nikajifunga skafu ya mama yangu shingoni kama mhudumu wa ndege, nikamsogezea sinia. "Abiria mpendwa, kuku au samaki?"

Zamani angecheka mpaka meno ya bandia yamdondoke. Sasa alisema tu, "Asante, dada."

Mjomba akapiga simu. "Nimefika kitambo! Safari fupi ajabu. Mama hajambo?"

"Bado yuko juu ya bahari, Mheshimiwa. Miguu imemvimba."

"Mpe pole. Mwambie kesho naunganisha Sydney."

Mkanda ulipofunguka, nilimshika mkono. "Bibi, umefika nyumbani."

Alitazama sebule yake, picha za wanawe ukutani, kisha akanitazama mimi kwa adabu kubwa.

"Samahani, mwanangu," akauliza. "Wewe ni mwenyeji wa hapa?"