Rafiki wa Mama Domitille

Mama Domitille alikuwa ameshafika mlangoni muuguzi Josée alipomshika mkono na kumrudisha kitini.

Tangu asubuhi mama huyo hakuwa ametulia. Alikaa kwenye benchi la kituo cha afya pale Rugenge, akawaachia wengine zamu yake, akatoka nje, akarudi. Alipoingia hatimaye, jambo la kwanza aliloliuliza ni kama hakuna muuguzi mwingine. Josée akamjibu kwamba siku hiyo yuko peke yake. Mama akasita, kisha akasema hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Alikuja kuuliza kwa niaba ya rafiki.

Rafiki huyo, alieleza akitazama sakafu, aliacha kuona siku zake zamani. Sasa anawashwa huko chini, kwa nje, kwenye mashavu ya uke, na miezi inapita bila nafuu. Amepaka kila dawa ya farmasi, amekalia maji ya moto yenye majani. Ngozi imekuwa nyeupe na ngumu, na pembeni kuna kidonda kidogo kinachokataa kupona. Anaogopa watu watasema ni ugonjwa wa zinaa, naye ni mjane, tena mwimbaji wa kanisa.

Josée alikumbuka kisa kingine. Kuna mwanamke aliyewahi kuja na habari za "jirani", akapewa tyubu ya dawa, akaenda zake. Aliporudi, kidonda kilikuwa kimegeuka uvimbe, na tezi za kinenani zimevimba mitoki. Walimzika kabla ya mvua. Tangu hapo Josée alijiapiza: hakuna "rafiki" atakayetoka mlangoni pake bila kuangaliwa.

Akaeleza polepole. Inaweza kuwa ugonjwa wa ngozi tu. Inaweza pia kuwa kansa inayoanza, maana nayo huanza hivyo hivyo, kwa muwasho na kidonda ambacho mtu anakificha. Daktari hutia ganzi, akakata kipande kidogo cha ngozi, kikaenda kupimwa. Ikikamatwa mapema, mara nyingi upasuaji unaimaliza.

"Huyo rafiki hana watoto?" aliuliza.

"Iko na binti. Binti mwenye masomo. Lakini mutoto ataangalia namna gani pahali alitokea?"

"Na huyo binti hajamuuliza hata siku moja?"

Mama Domitille akamtazama usoni.

"Anamutumiaka dawa za tansiyo, ile presha," alisema. "Anapigaka simu."

Kisha akainuka aende, na hapo ndipo Josée alipomshika mkono. Alifunga mlango, akavuta pazia, akamwambia kwa upole kwamba humu ndani hakuna aibu, apande kitandani. Alitegemea ubishi. Mama alifikiri kidogo, halafu akaanza kufungua kitenge.

Josée alivaa glavu, akasogeza taa. Aliangalia, akagusa, akarudia tena, akieleza kila anachofanya kabla hajakifanya. Lakini ngozi ilikuwa laini, ya kawaida. Hakuona kidonda, hakuona weupe, wala mitoki haikuwepo.

"Mama, weye uko muzima kabisa."

"Nilikuambia si miye."

Mama Domitille alishuka, akafunga kitenge chake bila haraka. Josée alibaki amesimama na glavu mikononi, akiona haya kidogo.

"Sasa sababu ya nini ulikubali kupanda kitandani?"

"Rafiki yangu anaogopa kuangaliwa inauma, nilitaka nione. Tena anaogopa utamukaripia." Mama akafungua mlango. "Sasa nitarudi kwetu Kamanyola, nimuambie mama yako kwamba haiumi."