Kamera ya Uani

“Hiyo kamera ni ya kumtazama mwizi au ya kukutazama wewe?” jirani mmoja alimwuliza Bi Shumbana siku fundi alipoegemeza ngazi ukutani. Bi Shumbana alicheka tu. Shemeji yake, Badi, ndiye aliyeinunua, na mjane atakataaje ulinzi?

Sasa kamera ilikuwa imeshafungwa, inatazama uani, na fundi alikuwa anaiunganisha na mtandao. Picha ikafunguka kwenye simu ya Badi: kamba ya nguo, pipa la maji, kigoda cha kutawadhia.

“Na mimi niwekee, mwanangu,” Bi Shumbana akamnyooshea fundi simu yake.

Fundi akamtazama Badi kwanza.

“Yangu inatosha,” Badi akasema. “Weka nywila, niijue mimi peke yangu.”

“Shemeji, hapo kwenye kigoda navua mtandio kila swala. Wewe si maharimu wangu.”

“Basi tawadha chumbani. Hii nyumba ya kaka yangu, lazima nijue nani anaingia na nani anatoka.”

“Nywila iwe nini, bosi?” fundi akauliza.

“Andika jina la marehemu.”

Bi Shumbana alisimama kidogo, kama anayengoja aliyetajwa aitike. Kisha akachukua mswala wake kwenye kamba, akajitanda vizuri, akafungua mlango wa uani na kutoka nje. Kwenye simu ya Badi picha ilichelewa: mlango ulikuwa umeshafungwa, naye bado alikuwa anatoka.