Fundi Kafika Mapema

Baba alitoka bafuni, taulo begani, akamkuta fundi sebuleni. Kapiga magoti nyuma ya televisheni, na Bibi kamwinamia anamnong'oneza.

"Aa, fundi! Karibu sana," Baba alisema. "Lakini huko siko. Mgonjwa yuko mezani."

Fundi alisimama polepole. Mtu mrefu, majani ya ua yamemganda kwenye suruali, begi kubwa tupu mgongoni. Alimtazama Bibi. Bibi naye akamtazama, tena bila kupepesa.

"Umemsikia mwanangu," Bibi alisema. "Mezani."

Mgonjwa alikuwa kompyuta ya familia. Juzi Baba aliifuta yote akaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwa flashi aliyopewa kazini, maana aliambiwa ni ya bure na haishiki virusi. Virusi kweli haikushika. Haikushika chochote. Kila ikiwashwa ilimuuliza upya anataka lugha gani, anakaa wapi, anaitwa nani, kama askari wa zamu. Baba alijibu kwa adabu kila mara. Ikizimwa na kuwashwa, ilishamsahau.

Na leo hii saa nane mchana, mjukuu aliyeko ng'ambo angemwonyesha Bibi kitukuu wake wa kwanza kwa video. Mtoto kapewa jina la Bibi. Simu za nyumba ile zote ni za vitufe, za kuongea tu, kwa hiyo bila kompyuta hakuna mtoto. Bibi alikuwa kavaa nguo yake ya kutokea tangu asubuhi. Kwa umri wake, alisema, mambo ya "tutaonana siku nyingine" aliachana nayo zamani.

Mama alichungulia kutoka jikoni. "Karibu, fundi. Nani kakufungulia geti? Mbona sijasikia kengele?"

"Mimi," Bibi alisema.

Mama alishangaa kidogo. Bibi na magoti yake yale hajafika getini tangu mvua za mwaka jana. Lakini mgeni ni mgeni, akaenda kumletea chai.

Fundi alivua begi aliweke miguuni. Bibi akaliwahi, akalipakata.

"Wewe fanya kazi. Nakushikia."

Fundi akashusha pumzi, akaketi. Aliitazama skrini iliyokuwa inauliza lugha, akaitazama kompyuta ubavuni, akachomoa flashi.

"Mzee, hii umeiacha humu. Kila ukiwasha, mashine inaanzia kwenye flashi badala ya diski. Umekuwa unaanza kuweka upya tangu juzi."

"Toba!" Mama alisema. "Na mimi naambiwa nisipite karibu, kazi ya kitaalamu inaendelea."

Baba alikohoa, akajifanya anatafuta miwani.

Fundi akaiwasha tena, akaingia kwenye mpangilio wa kuwashia, akaweka diski iwe ya kwanza. Nembo ikatokea, kisha skrini ikawa nyeusi tii. Bibi alishika kifua.

"Usiogope, bibi. Haielewani na kadi ya picha, basi." Akaizima, akaiwasha, akaongeza neno moja mwishoni mwa mstari wa kuwashia. Picha ikaja, safi kabisa.

"Haya yote umesomea wapi?" Baba aliuliza.

"Nimejifunza mwenyewe, mzee. Kompyuta zinazonifikia, wenyewe huwa hawapo kunielekeza."

"Kazi ngumu hiyo," Baba alisema kwa huruma.

"Hasa usiku," fundi alisema.

Ikabaki intaneti. Fundi alitafuta WiFi, haikuonekana, kana kwamba mashine haijawahi kulisikia jambo hilo. Alisema inakosa draiva, programu ya kuiendesha hiyo WiFi. Na draiva yenyewe ipo kwenye intaneti.

"Sasa tutaipataje intaneti bila intaneti?" Mama aliuliza.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia nane, na Bibi machozi yalishaanza kumlengalenga. "Basi," alisema. "Nimemkosa kitukuu wangu."

Fundi alimtazama. Akainuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya televisheni, akachomoa waya wa intaneti uliokuwa huko, akauvuta hadi mezani. Hakuutafuta, alishajua ulipo. Alipouchomeka tu, mashine ikaanza kupakua.

Saa nane ilipita kidogo, kisha mjukuu akatokea kwenye skrini, na kifuani pake kitoto kinapiga miayo.

Bibi alilia hasa. "Pua yangu! Tazameni, kachukua pua yangu!"

"Pole yake," Mama alisema, naye analia. Hata fundi alifuta jicho kwa mkono wa shati.

Baba alimvuta pembeni. "Haya, fundi wangu. Nikupe nini?"

"Tumeshamalizana na bibi."

"Msaidie kubeba televisheni," Bibi alisema, macho kwa mtoto. "Anaondoka nayo."

"Kwani televisheni nayo ina nini?"

"Beba tu, mwanangu, nakuomba. Naongea na mtu."

Baba akashika upande mmoja, fundi upande wa pili. Wakaitoa mpaka getini, wakaipakia kwenye gari la kukodi, na Baba mwenyewe akamsihi dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Wakaagana kwa kushikana mikono.

Aliporudi ndani simu yake iliita.

"Shikamoo, mzee. Mimi fundi wa kompyuta. Samahani sana, nimekwama tangu asubuhi. Naomba nije kesho."

Baba aliduwaa, simu sikioni, anaitazama meza tupu ya televisheni.

"Nani huyo?" Bibi aliuliza.

"Fundi," Baba alisema.

"Mwambie asihangaike." Bibi alikuwa anamchekea mtoto. "Yule niliyemkuta anaingia dirishani nilimpa achague: nipige yowe, au anionyeshe kitukuu wangu, abebe televisheni."