Msumari wa Pili

Picha na barua za marehemu wote huhifadhiwa Chuo Kikuu, na huko kila mwaka picha huongezewa umri, kana kwamba mwenyewe yu hai. Mwanetu Nasibu alifariki akiwa darasa la pili. Mwaka huu tumeletewa picha ya kijana mwenye ndevu.

"Pua kachukua yako, Mama Nasibu," mume wangu alicheka, akaitundika sebuleni.

Nilikwenda chuoni kuomba ile ya zamani, aliyopigwa akiwa na pengo, maana sura ile imeanza kunitoka.

"Tukitoa mpya, ya zamani tunaifuta," karani alinijibu kwa upole. "Mtoto amekua, mama."

Niliporudi, nilimkuta mume wangu akipigilia msumari wa pili ukutani.

"Mwakani anaoa," alisema.